Kisima Hakijakauka: Safari ya Masasi na Newala

Mwezi huu twapenda kuwachukua pamoja nasi katika safari ya kusini, mpaka Masasi, na kutoka Masasi mpaka Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Nchi ile ni nzuri kutazamwa, nasi tungeweza kuisifu kwa miamba yake na upepo wake tu, lakini siyo sababu iliyotupeleka. Tulikwenda kwa kuwa katika nyumba nyingi za Kikristo yumo mtu mmoja ambaye mahali pake kanisani pa wazi. Mtu huyo hakuiacha imani kwa kushindwa katika mabishano. Moyo wake ulivunjika, kisha akaona aibu, na aibu ikamfungia mlango. Tulitaka kujua mtu wa namna hiyo arudije, na walio nyumbani wampokeeje. Na Masasi ni mahali ambapo kanisa lenyewe limevunjika na kurudi zaidi ya mara moja.

Msafiri atokaye pwani huiona Masasi kabla hajafika, kwa sababu ya miamba yake. Nchi imelala, yenye mikorosho na mihogo na mbaazi, mara huinuka mawe makubwa ya kijivu, mviringo na matupu, kama migongo ya tembo waliojipumzisha. Mvua ikinyesha, maji huteremka juu ya mawe yale na kung'aa. Jua likitoka, hukauka upesi, na mwamba huwa kama ulivyokuwa. Chini ya milima hiyo, mahali paitwapo Mtandi, ndipo lilipo kanisa kuu la Dayosisi ya Masasi. Tulipofika ilikuwa jioni, na watoto walikuwa wakifagia uwanja.

Mwanzo wa mji huu wa Kikristo wajulikana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misioni ya UMCA alitoka Unguja akiwa na watu zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokuwa wameokolewa katika utumwa. Nia yake ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, karibu na nchi walizochukuliwa. Walipofika Masasi waliona ardhi inalimika, wakakaa hapo, wakajenga.

Tufikiri kidogo watu wale walikuwa watu gani. Kila mmoja alikuwa amepotewa na mama au mume au mtoto. Kila mmoja alikuwa amekwisha kutiwa bei mbele ya macho ya watu. Mtumwa huona aibu ambayo si yake: ametendwa ubaya, naye ndiye ainamishaye kichwa. Basi kijiji cha kwanza cha Masasi hakikuwa kijiji cha watu waliokamilika ambao kanisa liliwapata wakiwa wazima. Kilikuwa kijiji cha watu waliovunjika, walioanza kujifunza tena kuitana baba na mama.

Nao hawakuachwa kwa amani. Askofu Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882. Mwezi uliofuata, Septemba, Wangoni ambao watu wa kule waliwaita Magwangwara waliishukia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wengine waliuawa, wengine walichukuliwa mateka. Hebu fikirini: mtu aliyekombolewa mara moja achukuliwe mara ya pili! Waliosalia walitawanyika. Padre Chauncy Maples, aliyekuwa akiwaongoza, aliihamishia kazi Newala, kwa mkuu Matola aliyewakaribisha. Mtu aliyepita Masasi siku zile angeweza kusema kwamba jambo lile limekwisha.

Halikwisha. Kazi ya Masasi ilirudi. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikaja, na majengo ya misioni ya Masasi yakachomwa. Jirani zao Wabenediktini walipoteza vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao katika vita hivyo hivyo, na mwaka 1906 wakaanza Ndanda, ambako mpaka leo msafiri wa barabara ile huona abasia yao. Baada ya miaka michache ikaja vita kuu ya 1914 hata 1918. Wamisionari Waingereza walitiwa kizuizini na serikali ya Kijerumani, na mapadre na walimu Waafrika ndio waliobaki na makundi. Newala nayo haikusalimika: mwaka 1916 Wareno walivuka mto Ruvuma wakaitwaa, nao wakafukuzwa mwaka huo huo. Ni baada ya hayo yote, mwaka 1926, Masasi ikawa dayosisi yenye askofu wake, Vincent Lucas.

Twayataja haya si kwa kuwachosha wasomaji na miaka. Twayataja kwa sababu watu wa Masasi hawayafichi. Mzee mmoja, mwalimu wa zamani wa dini, alituonyesha mahali mbalimbali kwa fimbo yake, akisema, "Hapa palichomwa, pale watu walikimbilia." Tulimwuliza kama haoni uchungu kuwahadithia wageni habari za kushindwa. Akatujibu, "Wanangu, kama kanisa lingalikuwa la watu wasiokimbia, mimi nisingalizaliwa ndani yake. Babu yangu alikimbia. Kisha alirudi." Neno hilo tulilichukua mpaka Newala.

Njia ya Newala huanza katika nchi ya chini, kisha hupanda. Joto hupungua, upepo hubadilika, na udongo huwa mchanga mwekundu. Mikorosho ni mingi pande zote. Wakati wa mavuno wenye mashamba husafisha chini ya kila mkorosho kama mtu afagiavyo ukumbi, ili korosho ianguke mahali ionekanapo. Asubuhi ukungu huketi juu ya uwanda hata mgeni hudhani yu katika nchi nyingine kabisa. Tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa huko huichemsha, nasi tulipewa kwa moyo mkunjufu.

Lakini nchi hii njema ina shida moja ya tangu zamani, nayo ni maji. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Mvua hunyesha, na mchanga huyanywa maji yote. Hushuka chini sana, kisha hutokea kama chemchemi kwenye miteremko na mabondeni. Wazee wa Wamakonde walipenda kukaa juu, katika vichaka vizito, kwa kuwa adui na wawindaji wa watumwa hawakuweza kuwafikia kwa urahisi. Walipata usalama, wakalipa kwa maji. Vizazi na vizazi vya wanawake waliteremka na mitungi mpaka chini, wakapanda tena na mzigo kichwani. Siku hizi yapo mabomba, na nyumba nyingi hukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Lakini bomba likinyamaza na kiangazi kikirefuka, njia za kale za kisimani hukanyagwa tena.

Pembeni mwa mji wa Newala pana mahali paitwapo Shimo la Mungu. Uwanda hukatika ghafula, na mtu husimama ukingoni akitazama chini nchi pana ya kijani na buluu iendayo upande wa Ruvuma na Msumbiji. Si shimo kama la kuchimbwa, bali ni ukingo na bonde kubwa. Tulisimama kimya. Mmoja wetu alisema kwamba jina hilo lina hekima, kwani watu wengi hudhani Mungu yuko juu tu, penye upepo mzuri, wala hawatazamii kuwa vilindi navyo ni vyake.

Katika nyumba tuliyofikia tulikutana na mama mmoja ambaye hatutalitaja jina lake wala mtaa wake, ila yeye mwenyewe alituruhusu tuisimulie habari yake kwa faida ya wengine. Alikuwa ameolewa kanisani, akifundisha watoto siku ya Jumapili. Mume wake alikwenda pwani kutafuta kazi, akaoa huko mwanamke mwingine, wala hakurudi. Barua zilikoma, kisha fedha, kisha habari. Mwaka wa kwanza mama huyu alikuja kanisani akilia. Mwaka wa pili aliona watu wakinyamaza anapopita. Mwaka wa tatu alikaa na mwanamume mwingine pasipo ndoa, akazaa mtoto, na mwanamume yule naye akaenda zake. Ndipo alipoacha kabisa kuja. "Nilipoachwa niliona aibu ingawa sikukosa," alituambia. "Nilipokosa niliona ni aibu ile ile, imezidi tu. Sikuweza kuzitenga. Nilisema, maji yakimwagika hayazoleki, nikafunga mlango."

Wasomaji wajua mithali hiyo, nayo ni kweli. Katika nchi ya Newala ni kweli kuliko mahali pengi, kwa kuwa maji yamwagikayo juu ya mchanga ule hayangoji hata uiname. Miaka sita ilipita.

Basi, alikuwako jirani yake, bibi mzee, mjane wa mwalimu wa dini. Bibi huyu hakumhubiri. Kila bomba lilipokauka alipita mlangoni na ndoo yake, akaita, "Mwanangu, twende kisimani, miguu yangu haijiamini peke yake." Wakateremka pamoja, wakapanda pamoja. Hakumwuliza habari za kanisa, wala za mume, wala za baba wa mtoto. Mtoto alipougua alikuja na uji. Hivyo kwa muda mrefu. Siku moja, wanapanda, mama huyu alijikwaa, na ndoo yake yote ikamwagika njiani. Aliketi chini akalia, wala haikuwa kwa sababu ya ndoo. Akasema mithali ile ile. Bibi mzee akatua ndoo yake mwenyewe, akamjibu, "Kweli, hayazoleki. Nani amekuambia uyazoe? Kisima hakijakauka. Twende tena."

Wakateremka mara ya pili. Mama huyu alituambia kwamba njiani ndipo alipouliza, kwa mara ya kwanza, kama padre angekubali kumsikia.

Tungependa wasomaji walitazame neno hili kwa makini, kwa kuwa twaona ndani yake jambo lote tulilolifuata kusini. Mtu aliyevunjika moyo hudhani kwamba kurudi ni kuyazoa maji: kuifanya miaka iliyopotea isiwe imepotea, ndoa iliyovunjika isiwe imevunjika, watu wasahau walichokiona. Kwa kuwa hawezi, hukaa mbali. Na sisi tulio ndani mara nyingi twamtia katika dhana hiyo, kwa kumngojea awe kwanza kama alivyokuwa. Lakini Injili haikumwambia mtu yeyote ayazoe maji. Humwambia ateremke tena, na njia ni ile ile ya zamani, na kisima ni kile kile.

Tumwangalie Petro. Mtakatifu Yohana ataja moto wa makaa mara mbili katika Injili yake. Wa kwanza ulikuwa uani kwa Kuhani Mkuu, ambapo Petro aliota moto pamoja na watumishi, akamkana Bwana wake mara tatu. Wa pili ulikuwa ufuoni mwa ziwa, ambapo Bwana aliyefufuka alikuwa amekwisha kuoka samaki. Petro aliponusa makaa yale, twadhani moyo wake ulikumbuka usiku ule. Bwana hakumpeleka mahali pasipo na kumbukumbu. Alimlisha kwanza, kisha alimwuliza mara tatu kama ampenda, akampa kazi. Hakuulizwa kwa nini alikana. Wala hapana mmoja wa wale wengine aliyeambiwa amkumbushe.

Na tumwangalie Naomi, kwa ajili ya wale ambao hawakukosa lolote, bali walifiwa au waliachwa. Yeye alirudi Bethlehemu mikono mitupu, mume na wana wamelala Moabu, na wanawake wa mji walipomshangaa aliwaambia wasimwite tena kwa jina lake, bali wamwite mwenye uchungu. Hakujitia furaha. Alirudi na uchungu wake wote, akasema wazi, naye alipokelewa. Na mji ulikuwa ukianza mavuno ya shayiri. Kurudi kwa Mungu hakuhitaji uso mkunjufu.

Wenyeji wa kusini wana fundisho jingine katika desturi yao wenyewe. Kwa Wayao, Wamakua na Wamakonde, mvulana huingia jandoni na jina la utoto, naye hutoka na jina jipya. Siku ya kutoka huvikwa nguo mpya, hupakwa mafuta, na watu humpokea kwa ngoma na vigelegele. Tangu siku hiyo kumwita kwa jina la zamani ni matusi, hata mama yake hujizuia. Askofu Lucas na mapadre wenzake waliona hekima iliyomo, wakaiweka jando ya Wakristo chini ya ulinzi wa kanisa, na sala ikawa mahali pa matambiko. Basi twauliza: watu wajuao hivyo kulifunga jina la zamani kinywani, mbona kwa mtu aliyetubu hulifungua? Mbona ameungama, ameondolewa dhambi, amekula meza ya Bwana, naye sokoni bado ni "yule aliyeachwa," "yule aliyezaa nje"? Kama Mungu amempa nguo mpya, jina la kale ni matusi.

Hatusemi kwamba kurudi ni jambo jepesi, wala kwamba kanisa halina taratibu. Mama yule wa Newala alikwenda kwa padre, akasema kweli yote, naye alipewa muda wa kufundishwa tena. Alisimama nyuma pamoja na wanaojifunza, siku nyingi, na hakuona vibaya. Mtoto wake alibatizwa. Deni alilokuwa nalo kwa jirani alilipa. Toba ina kazi, kama njia ya kisimani ilivyo na mlima. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya toba na aibu, na walimu yawapasa kuifundisha. Aibu humwambia mtu, "Jifiche." Toba humwambia, "Rudi." Aibu humtazamisha watu; toba humtazamisha Mungu. Aibu huchanganya kosa alilotenda na kosa alilotendewa, humtwika yote mawili. Toba humsaidia kutua lile lisilo lake, na kuungama lile lililo lake tu. Mtu akichanganya hayo mawili, ataungama mambo ambayo hakuyatenda, na moyo wake hautapona.

Kwa hiyo, ninyi walimu, mtu akija kwenu na moyo uliovunjika, msifanye haraka ya kumhukumu wala ya kumfariji. Msikilizeni mpaka mjue ni mzigo gani ulio wake, na ni upi aliotwikwa. Kwa aliyeachwa, semeni wazi mbele ya watu kwamba kuachwa si dhambi yake. Kwa aliyekosa, mwonyesheni njia, mwambieni hatua ya kwanza ni ipi, na siku gani. Watu wengi hawarudi kwa sababu hapana aliyewaambia waanzie wapi.

Na ninyi wenye nyumba, baba na mama, fanyeni kama bibi yule mzee. Hakungoja mwenzake apande mpaka kwake, aliteremka naye. Hakuwa na elimu kubwa, alikuwa na ndoo na subira. Ikiwa katika mtaa wenu yuko mtu ambaye mahali pake kanisani pa wazi, msimpelekee kwanza maonyo. Mpelekeeni kazi ya kufanya pamoja: kuchuma korosho, kumwangalia mgonjwa, kuteka maji. Mkiwa na watoto, wafundisheni wamwamkie kwa heshima kama wamwamkiavyo mtu yeyote. Na siku atakapoingia mlangoni mwa kanisa, msigeuze vichwa vyote kwa pamoja. Msogezeeni nafasi, mkaendelee na sala.

Na wewe usomaye haya ukiwa nje, labda gazeti hili limekufikia kwa mkono wa mwingine, nawe wajiambia kwamba habari hizi ni za watu wengine. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Masasi ilichomwa mara mbili, na leo kengele inalia. Waliokimbia walirudi, na wajukuu wao wanafagia uwanja wa kanisa. Hawakupewa tena miaka ile, wala nyumba zile, wala wale waliouawa. Walipewa kuanza tena, mahali pale pale, chini ya mawe yale yale. Nawe hutapewa maji yaliyomwagika. Lakini ndoo iko mlangoni, na njia ya kuteremka waijua tangu utoto. Kama waogopa kwenda peke yako, mwite jirani mmoja wa kukusindikiza.

Mungu awabariki nyumbani mwenu mwezi huu. Mkumbukeni katika sala za jioni yule aliye mbali, mkimtaja kwa jina lake jema.